Kufunga umeme wa taa za trela kwenye gari lenye chuma kipya cha kuvutia

Chuma cha kuvutia trela kimefungwa, bolti zimekazwa, tufe la kushikia trela linang'aa. Kilichobaki ni umeme, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mtu anaanza kukata waya kabla hajajua gari lake linatumia mfumo gani. Gari la zamani, lenye swichi na balbu za kawaida, linaweza kuungwa moja kwa moja kutoka kwenye taa za nyuma. Gari ambalo taa zake zinaamriwa na kompyuta halitaki hivyo. Ukilazimisha, dashibodi itajaa maonyo, na ukiwa na bahati mbaya utaunguza moduli inayoendesha taa zote za nyuma.

Kwa hiyo mita ya umeme kwanza, mkasi baadaye.

Lisome gari kabla ya kugusa waya

Fungua buti, toa vifuniko vya pembeni na uifikie plagi ya taa ya nyuma. Usiuchome waya kwa sindano. Ingiza ncha ya mita kutoka upande wa nyuma wa plagi, pale waya unapoingia. Ncha nyeusi ishike kwenye chuma safi cha bodi. Mwambie mwenzako awashe taa za pakingi, kisha akanyage breki, kisha awashe indiketa, moja baada ya nyingine.

Kwenye gari la kawaida utasoma takriban volti 12 kila taa inapowaka, na sifuri inapozimwa. Ukisoma volti 3 au 5 ilhali balbu inawaka vizuri machoni, mita haijaharibika. Hapo kompyuta inawasha na kuukata umeme mara nyingi ndani ya kila sekunde ili balbu moja ifanye kazi mbili: mwanga mdogo wa pakingi na mwanga mkali wa breki. Mita inakuonyesha wastani tu. Waya kama huo usiuunge moja kwa moja na trela hata siku moja, na hata relei utakayonunua (kisanduku cha kuwashia taa za trela, tutakieleza hapa chini) lazima iwe ya aina inayoweza kusoma umeme wa kukatwakatwa.

Dalili nyingine za gari la kompyuta ni dashibodi inayotoa taarifa balbu ikiungua, na taa za nyuma za LED. Ukiona mojawapo, chukulia kwamba njia ya mkato haipo.

Baada ya hapo unachagua. Njia ya kwanza ni kuunga moja kwa moja, kwa gari la balbu za kawaida tu. Ya pili ni relei ya kupitisha: kisanduku kidogo kinachosoma ishara za taa za gari kwa miliampia chache tu, kisha kinawasha taa za trela kwa umeme wake chenyewe kinaouchukua kwenye betri. Ya tatu ni seti ya nyaya iliyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya gari, inayochomekwa kwenye plagi zilizoachwa kiwandani, na mara nyingi gari linahitaji kuunganishwa na kompyuta ya fundi ili litambue kwamba sasa lina trela. Faida yake ni kwamba vihisi vya kurudi nyuma vinajizima vyenyewe trela ikichomekwa, na mfumo wa kuzuia gari kuyumba unajua kuna mzigo nyuma.

Ukiuliza ushauri wetu, relei ya kupitisha ifungwe hata kwenye gari ambalo lingeweza kuungwa moja kwa moja. Waya wa trela ukichunika na kugusa chuma, itakayoungua ni fyuzi ya relei, na taa za gari zitaendelea kuwaka. Maelezo yanayofuata yanafuata njia hiyo. Panapotofautiana na kuunga moja kwa moja tutasema.

Vitu vya kuandaa

Relei ya kupitisha. Soketi ya pini 7 ya volti 12 pamoja na gasketi yake na bati la kuifungia. Bolti tatu za M5 zenye nati za kujikaza. Kebo yenye nyaya saba ndani, mita 2, kila waya usiopungua milimita mraba 1 na mweupe uwe mnene zaidi ukiipata hiyo. Waya mwekundu wa milimita mraba 2.5, kama mita 6 (pima gari lako kutoka betri hadi buti kwa njia utakayopita, usikisie kwa mstari ulionyooka). Waya wa athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari) wa unene huo huo, nusu mita. Fyuzi ya ampia 15 na nyumba yake isiyoingiza maji. Vichwa vya pete viwili au vitatu, mirija ya kusinyaa kwa joto, mpira wa kuziba tundu la bodi, vifungio vya plastiki ishirini hivi, na grisi au mafuta ya mgando.

Vya mkononi: mita ya umeme, koleo la kubania vichwa vya waya, kisu cha kumenya, spana namba 10, msasa na drili. Na balbu ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Usiiache hiyo balbu. Kazi yake utaiona mwishoni.

Kwa nini waya wa 2.5 na si wa 1? Piga hesabu ya taa za trela zote zikiwaka pamoja: pakingi mbili za wati 5 na taa ya namba, breki mbili za wati 21, indiketa mbili za wati 21 ukiwasha za dharura, na taa ya ukungu ya wati 21. Jumla inakaribia wati 120, yaani ampia 10. Mita 6 za waya wa milimita mraba 1 zitameza zaidi ya volti 1 kwa mkondo huo, za 2.5 zitameza chini ya nusu volti. Volti 1 inaonekana kidogo, lakini mwanga wa balbu hauporomoki sawasawa na volti: punguza volti kwa asilimia 10 na unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Taa ya breki ya trela iliyofifia mchana wa jua ni sawa na isiyokuwepo.

Pini saba na rangi zake

Huu ndio mpangilio wa soketi ya pini 7 ya volti 12 unaofuata kiwango cha ISO 1724:

1. Njano: indiketa ya kushoto
2. Buluu: taa ya ukungu ya nyuma
3. Nyeupe: athi
4. Kijani: indiketa ya kulia
5. Kahawia: taa ya pakingi ya kulia
6. Nyekundu: taa za breki
7. Nyeusi: taa ya pakingi ya kushoto

Namba zimechongwa kwenye plastiki, mbele na nyuma ya soketi. Zisome hapo hapo, maana soketi ukiigeuza upande wa nyuma kila kitu kinahamia upande wa pili kama kwenye kioo, na mchoro uliochapishwa kwa kuonyesha mbele umewafanya wengi wabadilishane njano na kijani. Nyeusi hapa si athi. Aliyezoea nyaya za redio, ambako nyeusi ni athi, ndiye anayekosea, na akikosea taa za pakingi zikiwashwa fyuzi inaondoka.

Soketi ya pini 13 ina kazi zile zile kwenye pini 1 hadi 7, kisha 8 ni taa za rivasi, 9 ni umeme wa kudumu, 10 ni umeme unaokuja swichi ya gari ikiwashwa, 11 ni athi ya pini 10 na 13 ni athi ya pini 9. Trela ya mizigo ya kawaida haihitaji hizo za ziada. Trela za Marekani zina mpangilio tofauti kabisa: plagi bapa ya pini 4 ambamo breki na indiketa zinatumia balbu moja na waya mmoja kila upande. Kwake, njano ni kushoto, kijani ni kulia, kahawia ni pakingi na nyeupe ni athi. Gari lenye indiketa za rangi ya machungwa zilizotengana na breki haliwezi kuunganishwa na trela hiyo bila kisanduku cha kubadilishia ishara.

Kwanza ihakikishe trela

Kabla hujalilaumu gari, jua kama trela ni nzima. Chukua betri ya volti 12, nega (hasi) yake ishike pini 3 ya plagi ya trela, chanya ipitie fyuzi ya ampia 10, kisha uguse pini moja moja. Kila mguso uwashe kazi moja tu na iwe ile inayotakiwa: pini 6 iwashe breki zote mbili, na pini ya pakingi inaweza kuwasha pia taa ya namba. Taa za kazi mbili tofauti zikiwaka pamoja, au moja ikiwaka kwa kufifia, tatizo liko kwenye trela na litakusumbua hata ukifunga umeme wa gari kwa ustadi wa namna gani.

Kupitisha kebo

Ondoa kichwa cha nega cha betri. Magari ya kompyuta yaache dakika kumi na tano yamezimwa na milango imefungwa kabla ya kuondoa, ili moduli zilale. Na uwe na namba ya siri ya redio kama redio yako inaidai.

Tafuta tundu lililopo sakafuni mwa buti au nyuma ya bampa, mara nyingi limezibwa kwa kifuniko cha mpira. Ukilazimika kutoboa, chungulia chini kwanza: tangi la mafuta na mabomba ya breki hayako mbali. Tundu jipya lipige rangi kwenye kingo, acha ikauke, kisha weka mpira wa kuziba ndipo upitishe kebo. Bati lisilo na mpira litaikata kebo taratibu kwa mtikisiko, na ikikatika itakuwa baada ya miezi sita au saba, si leo.

Nje ya bodi, kebo iwe mbali na bomba la moshi angalau shibri moja, na ifungwe kila sentimita 20 au 25. Kabla haijapanda kuingia kwenye soketi, iache ilegee chini kidogo kama tumbo, ili maji yadondoke pale badala ya kufuata kebo mpaka ndani ya soketi.

Soketi

Pitisha kebo kwenye gasketi na bati kabla ya kufunga pini. Ndiyo, kila mtu amewahi kumaliza pini saba halafu akaiona gasketi mezani.

Menya ganda la nje kama sentimita 4, na kila waya milimita 6 hivi. Usisokote uzi mmoja ukauacha nje. Uzi mmoja wa shaba ukigusa pini ya jirani unatosha kuwasha indiketa unapokanyaga breki. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa nguvu ya vidole. Paka grisi kidogo kwenye pini, funga soketi kwa bolti tatu, bawaba ya kifuniko ikae juu ili kifuniko kijifunge kwa uzito wake. Hakikisha pia ganda la nje la kebo limebanwa ndani ya soketi, si nyaya zenyewe.

Umeme wa betri na athi

Waya mwekundu upite ndani ya gari, chini ya vizingiti vya milango, ukifuatana na nyaya za kiwandani. Kutoka chumba cha injini uingie ndani kupitia mpira uliopo ukutani. Nyumba ya fyuzi iwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo, sentimita 20 au 30 tu, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote. Kikichubuka, kinachoungua ni gari. Fyuzi yenyewe usiichomeke bado.

Sasa athi. Hapa tutakaa kidogo, maana kasoro nyingi za taa za trela zinatokea hapa.

Chagua sehemu ya bodi yenye chuma kinene ndani ya buti, au bolti ya athi ya kiwandani karibu na taa ya nyuma. Usitumie skrubu ya bati iliyojichimbia yenyewe, wala bolti ya chuma cha kuvutia: chuma hicho kimepakwa rangi nzito na kimelazwa juu ya rangi nyingine ya bodi. Sugua rangi kwa msasa mpaka uone chuma cheupe, eneo la ukubwa wa sarafu, si mkwaruzo mmoja. Bana kichwa cha pete kwenye waya, weka pete moja kwa moja juu ya chuma kilichosuguliwa, weka kiduara cha chuma (washa) juu yake, kaza, kisha paka grisi juu ya yote baada ya kukaza, si kabla. Waya mweupe wa soketi na waya wa athi wa relei viishie hapo.

Athi mbovu ina vituko vyake. Tuseme athi imekatika na gari limeungwa moja kwa moja. Unawasha indiketa ya kushoto. Umeme unaingia kwenye balbu ya trela, unafika kwenye athi ya pamoja na kukuta njia ya kurudi haipo. Unarudi kinyumenyume kupitia balbu za pakingi na za breki za trela, unapanda kwenye nyaya zake hadi kwenye gari, na kumalizia kwenye balbu za gari zilizozimwa. Utakachoona ni taa zisizohusika zikikonyeza kwa kufifia. Ukiwasha pakingi kisha ukakanyaga breki, mwanga unapungua badala ya kuongezeka. Mtu asiyejua atabadilisha balbu zote nne.

Kuna athi ya uongo pia. Trela iliyokaa juu ya tufe inaweza kupata athi kupitia chuma kwa chuma, taa zikawaka vizuri uwanjani. Njiani tufe lenye grisi linacheza, athi inakuja na kuondoka, na taa zinawaka zinapotaka. Ndiyo maana majaribio yote yafanywe trela ikiwa imechomekwa plagi bila kuwekwa kwenye tufe.

Kuchukua ishara

Nyaya za relei za kutoa zinaungwa na kebo ya soketi, na waya mwekundu wa betri unaishia kwenye relei. Nyaya zake za kuingiza ni: indiketa kushoto, indiketa kulia, breki, pakingi, na ukungu. Rangi zake hazifuati lazima rangi za soketi; fuata karatasi yake. Funga kila waya kwenye waya wa gari ulioupima mwenyewe, usiamini rangi ya waya wa gari, kwani watengenezaji hawana makubaliano.

Kama balbu ya breki na pakingi ni moja na umeme wake unakatwakatwa, ishara ya breki ichukue kwenye taa ya tatu ya breki, ile ya juu kwenye kioo au mlango wa nyuma. Kwa magari mengi waya wake unabeba breki peke yake, na hii inaondoa usumbufu mwingi.

Viungio vidogo vya plastiki vinavyotoboa waya na kuubana ni vyepesi kufunga na ni vibaya kukaa navyo. Vinakata baadhi ya nyuzi, vinaingiza unyevu, na shaba inageuka kijani. Menya sentimita moja ya waya wa gari bila kuukata, zungushia waya wako, tia risasi ya kulehemu, kisha funga kwa tepu ya kitambaa na uufunge kwenye jirani zake usitikisike. Mrija wa kusinyaa hauwezi kuingia kwenye waya usiokatwa. Tumia tu pale ulipounga ncha kwa ncha.

Kwa wanaounga moja kwa moja: pakingi ya kushoto itoke taa ya kushoto na ya kulia itoke kulia. Magari mengi yana fyuzi mbili kwa pande hizo, na ukiziunganisha umefuta kinga hiyo. Angalia pia relei ya indiketa. Ile ya zamani imeandikwa idadi ya balbu inazozimudu, na kuongeza wati 21 kila upande kunaweza kubadilisha kasi ya kukonyeza. Ipo ya kubeba mzigo zaidi, nunua hiyo.

Majaribio

Rudisha nega ya betri, kisha chomeka fyuzi. Mita ipimwe kwanza kati ya kila pini na pini 3 ya soketi, si na bodi. Zote zikiwa na volti zinazotakiwa, weka mita pembeni na uchukue ile balbu ya wati 21.

Mita inavuta mkondo mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 safi, lakini ukiupa balbu, inabaki nyekundu kama kaa la moto. Pima kila pini kwa balbu. Balbu ikiwa inawaka, weka mita kati ya pini 3 na nega ya betri: isizidi volti 0.2. Ikizidi, rudi kwenye msasa.

Halafu trela. Washa pakingi, ongeza indiketa, ongeza breki, vyote vikiwa pamoja, mtu amesimama nyuma akiangalia. Ukijaribu taa moja moja tu, hutaziona kasoro za athi.

Trela yenye taa za LED

LED zinavuta mkondo mdogo sana kiasi kwamba baadhi ya magari hudhani trela haina balbu, au relei haioni kama trela imechomekwa na taa ya indiketa ya trela kwenye dashibodi haiwaki. Dawa ni moduli inayokubali LED, au rezista ya ohm 6.8 yenye uwezo wa wati 50 sambamba na kila indiketa ya trela. Rezista hiyo inatoa joto la karibu wati 28 injini ikichaji, kwa hiyo ifungwe kwenye chuma cha trela, mbali na plastiki na nyaya. Pakingi mara nyingi haihitaji kitu.

LED zinazowaka kwa kufifia hata taa zote zikiwa zimezimwa zinaonyesha gari linatuma mapigo madogo ya kukagua balbu. Balbu ya kawaida haiwezi kuyaonyesha. LED inayaonyesha yote. Hilo linatokea zaidi pale ambapo mtu ameunga moja kwa moja gari lililohitaji relei.

Kebo ya trela yenyewe

Chomeka plagi, kata kona kali hadi mwisho kulia na kushoto ukienda polepole. Kebo isivutike kona ikiwa kali na isiburuzike gari likinyooka. Ikiwa ndefu, izungushe mara moja kwenye mkono wa trela. Usiipunguze kwa fundo, fundo ndilo huvunja waya wa kwanza. Plagi isiyotumika itundikwe ikitazama chini, na baada ya mvua kubwa ya kwanza fungua kifuniko cha soketi uone kama kuna maji: yakiwemo, gasketi imekaa vibaya au lile tumbo la kebo halikuachwa.